Jumamosi Tunachoma Muyinga

Pili bado amepiga magoti kando ya kitanda chake, shuka limemjaa mkononi, na simu ya mwanawe bado inasema.

"Jumamosi tunachoma Muyinga. Yale matairi mengine yabaki palepale. Mama asijue."

Sauti ni ya Husni. Husni mwenyewe yuko uani anaoga, anapiga mluzi kama mtu asiye na neno. Simu ameiacha kwenye chaji juu ya cherehani. Na chini ya kitanda, mahali Pili alipoinama kutafuta mkasi wake, yamelala matairi mawili yamefunikwa gunia la mchele.

Akabonyeza tena. Ujumbe ule wa sauti ulikwenda kwa mtu aliyeandikwa herufi moja tu, B. Na huyo B alikuwa amejibu kwa maandishi, akianza na bo, ile "sawa" ya Kifaransa.

"Bo. Mawe nimeshaweka tayari."

Matairi. Mawe. Kuchoma.

Mama mwenzangu, wewe ungefikiria nini? Sisi tuliokuwa Burundi mwaka ule wa maandamano hatuna haja ya kuelezwa. Tairi linachomwa katikati ya barabara, moshi mweusi unapanda, risasi zinalia, halafu mama fulani anaanza kuzunguka na picha ya mtoto wake akiuliza mlango kwa mlango. Pili alimjua mama mmoja wa hivyo. Walikuwa wakinunua uzi duka moja.

Mluzi ulikatika uani. Pili akaiweka simu, akashusha shuka, akajifanya anatunga uzi kwenye sindano.

Husni akaingia, taulo shingoni. Kijana mrefu, fundi wa magari kwenye gereji moja hapa Gitega, mikono haitoki grisi hata aisugue vipi.

"Mama, kesho mi niko Gishubi. Kuna mashine ya kusaga imekufa."

"Kesho Jumamosi."

"Mashine haijui Jumamosi, mama."

"Unakwenda na nani?"

"Peke yangu."

"Utarudi?"

Husni akacheka. "Gishubi, mama. Si Ulaya."

Akachukua simu. Akaitazama kidogo, akamtazama mama yake, akaitia mfukoni. Alipopita karibu, Pili akanusa. Juu sabuni, chini esansi, petroli ya magari. Na siku hizo mji mzima haukuwa na esansi. Magari yalipangana foleni kwenye stesheni, wenyewe wakilala humo humo na mablanketi.

"Esansi umeipata wapi?"

"Esansi gani?"

"Iliyo kwenye ngozi yako."

"Ya gereji. We nawe mama, kila kitu upelelezi."

Akatoka. Lakini mluzi hakuupiga tena.

*

Mtu wa kumwambia alikuwa mmoja tu, Kassimu, ndugu wa marehemu mumewe.

Kassimu alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa Muyinga, akienda mpakani Kobero na kurudi. Ndiye aliyemfundisha Husni kuendesha gari, tangu miguu ya mtoto haijafika vizuri kwenye pedali. Ndiye aliyesimama na Pili siku za msiba. Pili alimheshimu mno. Idi iliyopita alimshonea hata kitanzi cha kuning'iniza funguo, kipande cha kitenge cha bluu kwa uzi mwekundu, maana mweupe ulikuwa umeisha. Kassimu alikipokea akasema hiyo sasa ni bendera yake.

Pili aliingia chooni na simu, akafunga mlango.

"Shemeji, Husni anataka kuchoma matairi."

Upande wa pili honi ya lori ililia mbali.

"Nani kakuambia?"

"Nimesikia kwa masikio yangu. Kesho, Muyinga."

"Shemeji Pili, hayo maneno usiyaseme kwenye telefone. Hata dada yako usimwambie. Unanisikia?"

"Nakusikia. Lakini matairi yamo humu ndani kwangu. Niyatupe? Nimpe mtu ayapeleke Makebuko huko, yakaozee shambani?"

"Oya, hapana. Usiyaguse. Yaache palepale chini ya kitanda. Mi kesho niko Kobero, dwane, forodhani pale, siku nzima. Nikirudi nitaongea na mtoto."

Simu ikakatika.

Pili alibaki chooni ameshika kitasa.

Chini ya kitanda. Yeye Pili alisema humu ndani. Kitanda alikuwa amekitaja saa ngapi?

Akarudia maneno yake moja moja, kama mtu anayefumua pindo kutafuta sindano iliyopotelea ndani. Labda alisema. Hofu inaweza kukufanya useme kitu usikumbuke. Na huyu ni Kassimu, si mtu wa barabarani. Pili akajionea haya kwa kumfikiria vibaya.

Lakini usiku ule hakulala juu ya kitanda kile. Alilala kwenye mkeka sebuleni.

Asubuhi, Husni alipokwisha kuondoka, akavuta gunia. Matairi yalikuwa mapya. Mapya kabisa, yana vile vinywele vya mpira vinavyotoka kiwandani, kama nyuzi ambazo fundi hajazipunguza. Pili akavigusa kwa kidole. Nani anachoma tairi jipya? Mwaka ule walichoma vipara, matairi yaliyolika mpaka waya.

Akampigia simu Emiliana, mteja wake anayekaa Gishubi, ng'ambo tu ya mashine ya kusaga.

"Emiliana, mashine yenu imepona?"

"Iliumwa lini? Tangu alfajiri inasaga, masikio yananiuma. Kwani we unataka kuleta mahindi?"

Pili akavaa mtandio wake na viatu vya safari.

*

Yasmina, mdogo wake Pili, anauza vitenge Muyinga. Alimwona dada yake anaingia dukani na vumbi la Karuzi mpaka kwenye kope, akaacha mita yake juu ya meza.

"Da Pili. Nani kafa?"

"Bado."

Pili aliapa njiani kwamba hatasema. Akanywa maji glasi nzima, akasema yote.

Yasmina alisikiliza mkono mdomoni. Kisha akaanza kufunga duka.

"Twende kwa shefu wa kartie."

"Nikamshitaki mwanangu?"

"Siyo kumshitaki. Kumzuia. Wakimkamata na kiberiti mfukoni, kosa bado liko mfukoni. Wakimkamata tairi linawaka, dada, hapo hata mi sikujui."

"Shemeji Kassimu alisema nisimwambie mtu."

"Kassimu yuko wapi?"

"Kobero."

"Basi Kobero hakuna moshi. Twende."

Mama mwenzangu, hapa ndipo nakuomba usimame kidogo. Mtoto wako umemsikia anasema neno. Neno hilo umelijua wewe kwa maana yako. Umemuuliza yeye maana yake? Pili hakuuliza. Alilibeba neno lile kutoka Gitega mpaka Muyinga kama kaa la moto kwenye kitambaa, akaenda kuliweka juu ya meza ya Gervasi.

Gervasi, shefu wa kartie, yaani mwenyekiti wa mtaa, alikuwa anakula wali na maharage. Hakumaliza.

"Mama, hilo neno unajua uzito wake?"

"Najua, shefu. Ndiyo maana nimekuja kabla."

"Vijana wangapi?"

"Mimi namjua mmoja. Wangu."

"Wana nini mkononi?"

"Matairi."

"Na mawe," alisema Yasmina.

Pili alimkanyaga mguu, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Gervasi akasimama, akatoka nje na simu. Walimsikia anaitikia "egome, egome, mama mzazi mwenyewe yuko hapa," kisha akataja polisi, kisha akataja gari. Aliporudi hakukaa.

"Shefu, mtamshika tu mumkanye, si ndiyo?"

Gervasi alikuwa anatafuta kofia yake. "Tutaona tutakachokikuta."

Hilo halikuwa jibu, na Pili alilijua.

Polisi hawajafika, mtu mmoja wa baiskeli alipita akipiga kelele za furaha, akionyesha upande wa bondeni. Wote wakageuka. Kutoka kwenye ule uwanja wa sementi walipokuwa wakikaushia kahawa zamani, moshi ulikuwa unapanda.

"Wameanza," alisema Gervasi.

Pili alitazama moshi. Miguu ilitaka kukimbia lakini macho yakamshika.

"Shefu. Moshi wa tairi ni mweusi."

"Ndiyo."

"Ule ni mweupe."

*

Walifika pamoja na gari la polisi. Watu walikuwa wamejaa pande zote za uwanja, wengine juu ya ukuta, na hakuna aliyekuwa na fimbo wala bango. Walikuwa wanacheka.

Katikati ilisimama gari nyekundu, fupi, imelala chini kama inanusa sementi. Vola yake, yaani usukani, iko kulia, ya kutoka Tanzania. Na nyuma ya vola, jasho limemjaa usoni, alikuwa Husni.

Mbele ya magurudumu mawili ya mbele yalikuwa mawe mawili makubwa, yale tunayoweka kwenye tairi gari ikisimama mlimani. Mawe ya B.

"Toa mguu," kundi liliimba. "Toa mguu. Toa mguu."

Pili hajui gari, basi alitazama tu. Injini ilianza kulia, ikapanda, ikapanda mpaka sauti ikawa kama ya mbuzi mwenye kisu shingoni. Mguu wa kushoto wa Husni ulikuwa umekandamiza ambreyaji, ile pedali inayoizuia gari isiruke mpaka mguu utoke. Kisha, kundi likisema "toa mguu" mara nyingine, akautoa ghafla. Magurudumu ya nyuma yakazunguka kama wazimu, gari ikatetemeka pale pale ikisukuma mawe, haiendi, haiendi, na moshi mweupe ukafumuka kutoka chini mpaka watu wakapotea. Harufu ya mpira ikamkaba Pili kooni.

Kipande cha tairi kikaruka, kikampita Yasmina sikioni. Watu wakashangilia.

"Hii ndiyo kuchoma?" aliuliza Pili. Hakuna aliyemsikia. "Hii ndiyo kuchoma matairi?"

Akacheka. Alicheka mpaka machozi yakatoka, na Yasmina akacheka naye, na Gervasi, aliyekuja kukamata waasi, alivua kofia akajipepea moshi.

"Mama Husni. Umenitoa kwenye maharage yangu kwa ajili ya hii?"

"Nisamehe, shefu."

"Watu wanalala foleni wanatafuta esansi, huyu anaimwaga kwa kelele." Akapunga mkono. "Zima. We kijana, zima hiyo kitu."

Husni alizima. Moshi ulipotulia akamwona mama yake kando ya dirisha. Pili alingoja aone aibu, au kiburi cha vijana. Hakuona hata kimoja. Aliona hofu, na hofu ile haikuwatazama polisi. Ilimtazama yeye.

"Mama, umekuja kufanya nini hapa?" alisema polepole. "Rudi nyumbani. Sasa hivi."

Kicheko kikamfia Pili mdomoni.

*

Polisi mmoja aliyasukuma mawe kando kwa buti, apate kuiondoa gari. Gervasi alikuwa anatafuta maneno ya kumkanya kijana mbele za watu. Mambo yangeishia hapo, tungekwenda kupika. Lakini watu walipisha njia, na mzee mmoja akaingia uwanjani, kofia nyeupe, miwani imeshuka puani. Ni Feroz, muuza vipuli vya magari hapo Muyinga. Baba yake na babu yake walikuwa na duka lile lile.

Hakusema na mtu. Alizunguka gari, akainama kwenye magurudumu ya nyuma, akagusa tairi, waya zimetoka nje. Akapangusa kidole na leso.

"Bwana Feroz, karibu," alisema Gervasi. "Unaijua gari hii?"

"Naijua. Ni yangu."

Gervasi akasogea karibu na gari.

"Ni yako na hujui iko hapa?"

"Najua iko Kobero. Karibu mwezi naambiwa dwane wameishika, karatasi hazijakamilika." Aliongea taratibu, kama mtu anayepima kitambaa. "Na hizi tairi za nyuma si zake. Ilitoka na tairi mpya nne. Mbili naziona mbele. Hizi mbili za nyuma ni takataka. Zangu ziko wapi?"

Pili aliona vile vinywele vya mpira mbele ya macho yake kana kwamba vimeota kwenye sementi.

Ndiyo hivyo basi. Tairi nzuri hutolewa, vipara huwekwa, vipara ndivyo vinachomwa. Na nzuri zinafichwa.

"Ni nani aliyekuwa anakuambia habari za dwane?" aliuliza Gervasi.

"Mi hapa, shefu."

Sauti ilitoka nyuma ya watu. Pili hakuhitaji kugeuka. Ilikuwa sauti ya simu ya jana, isipokuwa leo haikuwa Kobero.

Kassimu alipita kati ya watu akitingisha kichwa kwa masikitiko. Shati safi, viatu safi. Alimwinamia Feroz.

"Bosi, nimeikimbiza lori kutoka mpakani. Gari niliiacha paki ya dwane, asubuhi naamka haipo. Nikasema, ni nani anajua gari kiasi hiki na ni nani anajua mahali ilipo? Roho ikaniuma, bosi, kwa sababu nilijua jibu." Akamtazama Husni. "Mtoto wa kaka yangu. Nimemlea mi mwenyewe."

"Shemeji," alisema Pili, "viatu vyako havina vumbi."

Kassimu alimtabasamia. "Shemeji, una uchungu. Nakuelewa."

"Barabara ya Kobero leo imenyeshewa?"

"Kijana," alisema Gervasi, "baba yako mdogo anasema umeiiba. Unasema nini?"

Kila mtu alimtazama Husni. Alikuwa bado ndani ya gari, mguu wa kushoto umemfia ganzi. Pili alingoja aseme. Sema, mwanangu. Sema B ni nani. B ni Baba mdogo, mtoto mdogo angejua sasa.

"Niliichukua mwenyewe," alisema Husni.

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Na tairi za Bwana Feroz?"

"Nimeuza."

Kassimu akashusha pumzi kama mtu anayehuzunika.

"Na ufunguo?" Feroz hakumtazama Husni alipouliza. "Kassimu, uliniambia ufunguo uko dwane. Huyu ameendesha na nini?"

"Uko dwane, bosi, kwenye droo yao. Huyu ni fundi. Atakuwa amechonga mwingine."

Polisi akafungua mlango wa gari upande wa kulia. Pili akasogea mbele, akashika mlango ule, si kwa nguvu, kama mama anavyoshika kitanda cha mgonjwa.

"Niacheni nimuage mwanangu."

Gervasi alisita. "Haraka."

Pili akainama dirishani.

"Kwa nini unadanganya?"

"Nyamaza, mama." Midomo ya Husni haikutikisika. "Aliniambia ni gari ya kuuza, Bwana Feroz mwenyewe anataka mnunuzi aone nguvu ya injini. Jana usiku ndiyo nimejua ni ya wizi. Nikataka kuacha. Akasema nikiacha au nikimtaja, polisi watakwenda kwako kwanza. Tairi ziko chini ya kitanda chako. Nani ataamini hukujua?"

"Ndiyo maana alisema niyaache."

"Umeongea naye?"

Jicho la Pili lilikuwa limeshuka kwenye ufunguo, uliokuwa bado umechomekwa pale chini ya vola. Chini yake kilining'inia kitanzi, kikitingishika polepole. Kilikuwa cheusi kwa grisi, lakini grisi haifichi mshono kwa mtu aliyeushona. Kitenge cha bluu. Uzi mwekundu.

Mtu aliyesema ufunguo uko kwenye droo ya dwane alikuwa ameuvalisha bendera yake.

Pili aliinuka. Sikia alivyofikiri, maana alifikiri haraka. Akinyamaza, Husni anapanda gari la polisi. Akisema, kitanzi kinamshika Kassimu, na Kassimu anamshika yeye. Na jambo lenyewe lilianza kwa sababu aliongea. Alikuwa amekuja Muyinga na neno moja mdomoni, tazama lilikomfikisha mwanawe. Sasa alikuwa nalo lingine.

"Mama usiseme," alisema Husni.

"Shefu," alisema Pili. "Njoo utazame kitu hapa."

Kassimu alikuwa ameegemea mbele ya gari, kiganja juu ya boneti. Tabasamu lilibaki, lakini kiganja kilikunja vidole.

"Huu ufunguo haukuchongwa," alisema Pili. "Kitanzi hiki nimekishona mimi Idi iliyopita. Uzi mweupe uliisha nikatia mwekundu. Nenda Gitega uulize majirani zangu nilimpa nani. Nilimpa huyu."

Feroz aliinama, akavua miwani, akakishika kitanzi kwa vidole viwili.

"Nimekiona," alisema. "Kwenye ufunguo wa lori langu. Nilikuuliza Kassimu, ukasema kimekatika."

Minong'ono ikazunguka uwanja. Gervasi akamgeukia Kassimu, na kwa mara ya kwanza Pili aliona shemeji yake anatafuta neno na halipati.

Kisha akalipata.

"Bo. Kitanzi ni changu." Alicheka kidogo. "Nilikisahau kwa shemeji nilipokwenda kumsalimia. Shefu, we umeshika mtoto, umeacha mama. Muulize tairi mpya ziko wapi. Muulize yuko hapa Muyinga kufuata nini. Muulize, mbele ya watu, nini kiko chini ya kitanda chake."

Watu wote wakamtazama Pili.

"Ni kweli, mama?" aliuliza Gervasi.

Angeweza kusema hapana. Gitega ni mbali, Yasmina angepiga simu, jirani angeingia na kuyatoa.

"Ziko kwangu," alisema Pili. "Chini ya kitanda changu. Sikuziweka mimi."

"Mmesikia wenyewe," alisema Kassimu. "Kitanda chake."

Gervasi alishusha macho. Akamwashiria polisi. "Mama Husni, utapanda gari. Utayaeleza yote huko mbele."

"Na huyu?"

"Huyu naye atakuja. Lakini wewe umekiri."

Mkono wa polisi ukamshika Pili juu ya kiwiko. Haukuwa mkono mbaya, ulikuwa mkono wa kazi. Mtandio ukamshuka begani, na Yasmina akaanza kulia.

Husni aliona. Aliona mkono ule juu ya mkono wa mama yake, kisha akamwona baba yake mdogo ameegemea boneti, ananyoosha shati lake safi.

Pili alisikia ufunguo unageuka.

Injini ikawaka. Ikafuata sauti ndogo ya chuma, vitesi ya kwanza, gia ya kuondokea, imeingia. Injini ikaanza kupanda, ikapanda, ile sauti ya mbuzi, na watu nyuma wakadhani mchezo umerudi, wakashangilia. Mguu wa kushoto wa Husni ulikuwa chini kabisa, juu ya ambreyaji. Mawe mbele ya magurudumu hayakuwepo tena. Mahali pa mawe alisimama Kassimu, na nyuma yake ukuta.

"Husni," alisema Pili.

Husni hakumtazama. Macho yake yalikuwa mbele, hayapepesi, ni macho ya mtu mwingine.

Pili hajawahi kukaa nyuma ya vola maishani mwake. Kwake gari ni kama cherehani, mguu ukikanyaga inakwenda, mguu ukitoka inasimama. Alimwona mtoto wake amekanyaga mahali pabaya, akapaza sauti kwa neno ambalo mama yeyote angelisema.

"Husni, toa mguu."

Na tangu utotoni, mama yake akisema kwa sauti ile, Husni hangoji kuambiwa mara mbili.